Farasi Wasioshtuka

3 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkazamjomba, na kwamba goti lako limeacha ubishi. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Macho yanamsumbua lakini mdomo hauna tatizo lolote, dada yako unamjua. Chiriku ametimiza miaka kumi na tatu wiki iliyopita, na jina ulilompa akiwa mchanga halijamtoka. Anaanza kusema kabla hajafumbua macho. Nikimwambia anyamaze anakubali, halafu ananieleza kwa kirefu jinsi anavyonyamaza. Mimi bado niko kwenye kile chumba nyuma ya kliniki na meno yangu ya bandia. Mwezi uliopita nimetengeneza seti kumi na moja. Mzee mmoja amerudisha ya kwake, anasema yanamfanya afanane na mkwewe.

Ningepiga simu, lakini masikio yako uliyaacha kwenye nyundo, kwa hiyo naandika.

Jambo lenyewe ni Zabibu. Halmashauri imetuletea barua: mnyama mkubwa haruhusiwi tena kwenye ua wa nyumba mtaani kwetu, mwisho tarehe thelathini Aprili. Ukichelewa wanakuja na lori, na wote tunajua lori lile linaishia wapi. Marehemu mume wangu alimpanda farasi huyu miaka tisa akipima mipaka ya mashamba ya watu, na siku aliyofariki Zabibu ndiye aliyemrudisha mpaka getini, amelalia shingo yake. Siwezi kumwacha akawe nyama ya mbwa. Tena baba yake alimwahidi Chiriku kwamba akifika kumi na tatu atajifunza kupanda.

Kwa hiyo natafuta shamba moja la farasi litakalomtunza Zabibu na kumfundisha Chiriku. Yapo matatu ninayoweza kuyafikia kwa basi. Mimi kwa farasi najua kupeleka ndoo ya maji tu. Wewe umewapigilia viatu miaka thelathini, na ndiye uliyefukuzwa kazi kwa kumtetea farasi. Chiriku anaisimulia hadithi hiyo shuleni mpaka mlinzi anaijua. Niambie nitazame nini.

Mpwa wako

19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba sana. Goti halijaacha ubishi, limepata mwenzake. Mkazamjomba wako ni mzima na ananipigia kelele kama kawaida, na kwa kuwa sisikii vizuri tunaishi kwa amani. Msalimie dada yangu. Mwambie macho yamechoka kwa kuchunguza mambo ya watu.

Sasa sikiliza. Usiwaambie kwamba unakwenda. Nenda saa ya kulisha, maana njaa haijui kuigiza. Usitazame geti, usitazame ofisi wala vikombe walivyoshinda. Anza chini. Kwato zikiwa ndefu na zimepinda kama ndala ya zamani, rudi nyumbani. Tia mkono kwenye ndoo ya maji mpaka kwenye kiwiko, uone unachotoka nacho. Tazama pembe za mdomo, chuma cha lijamu kikivutwa na mtu katili kinaacha kovu jeupe pale. Mbavu unatakiwa kuzihisi kwa kiganja, si kuzihesabu ukiwa barabarani. Kuhusu mtoto, mtazame mwalimu wakati mwanafunzi anapoanguka. Akimkimbilia mtoto kwanza, ni mwalimu. Akimkimbilia farasi kumpiga, chukua mwanao uondoke.

Usidhani nakutisha. Mimi nimevunjwa mbavu nne. Kidole changu cha pete kilikatwa na kamba, nikakiona kinaondoka na farasi. Nimeona mtu akipigwa teke la uso, taya likahamia karibu na sikio, na macho yakabaki yanatuuliza kumetokea nini. Farasi ni kilo mia tano za woga. Mtu akimwongezea woga mwingine, anayeumia ni yule aliye juu ya mgongo.

Kipimo cha mwisho ni hiki. Simama karibu na kichwa cha farasi, ongea na mwenye shamba mambo yenu, halafu inua mkono ghafla kama unayetengeneza kilemba. Farasi anayepigwa atarusha kichwa juu kabla mkono haujafika begani. Akirusha, aga.

Na hiyo hadithi ya kufukuzwa kazi, mwambie Chiriku aipumzishe. Ni mambo ya zamani.

Mjomba wako

21 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa magoti yote mawili. Mama anasema macho yake hayachunguzi mambo ya watu, mambo ya watu ndiyo yanayompitia mbele. Chiriku ameshonewa suruali ya kupandia farasi na analala nayo.

Nimekwenda mashamba yote matatu, bila taarifa, saa ya kulisha.

La kwanza ni la mama mmoja anayeitwa Mama Buti, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na viatu vingine. Matope yanafika kwenye vifundo vya miguu. Farasi wanagonga milango, wanapiga kelele, mmoja alinivua kilemba akaanza kukitafuna. Nilipoinua mkono, farasi mwekundu alirusha kichwa akajigonga kwenye boriti mpaka vumbi likatudondokea. Mama Buti akanifokea mimi badala ya farasi. Anasema yule alimchukua miezi mitatu iliyopita kwa watu waliomtesa, bado anamrudisha taratibu. Nani asingesema hivyo? Nikaaga.

La pili sikufika hata kwenye ndoo. Mtunza farasi alikuwa anamwingiza wa kijivu bandani, wa kijivu akagoma, yule mtu akachukua koleo akampiga katikati ya macho. Damu ikatoka puani ikamrukia shati. Akampiga tena, farasi akapiga magoti kwenye saruji. Muda wote mwenye shamba ananieleza ratiba ya masomo ya watoto, hakupunguza hata kasi ya kuongea. Niliondoka kabla hajamaliza ratiba.

La tatu ndilo hili. Mjomba, ni safi mpaka unaogopa kukanyaga. Liko bondeni, nyuma ya kiwanda cha matofali. Farasi ishirini na wawili, na kimya cha maktaba. Niliinua mkono, hakuna aliyetingisha sikio. Nikarudia kwa sita. Nikapiga makofi kabisa. Wametulia tu. Kulikuwa na nzi anatembea juu ya jicho la mmoja wao, na hata hakupepesa. Sijawahi kuona wanyama waliotulia hivyo.

Mwenyewe wanamwita Kapteni. Ni mzee mpole, anaongea taratibu, anapotamka maneno fulani anapiga mluzi kidogo kwa sababu meno manne ya mbele juu ni ya bandia, na ni kazi mbaya kweli. Nilishindwa kujizuia, nikamwambia nitamtengenezea mapya. Akacheka, akasema haya alizawadiwa na rafiki. Chiriku, niliyekuwa naye siku hiyo, akamsimulia habari zako, fundi aliyempigania farasi, na alifurahi mno. Alimshika mkono mara mbili. Amesema mtoto wa ukoo kama huo atamfundisha mwenyewe.

Ninataka kumhamisha Zabibu mwishoni mwa Aprili. Nangoja baraka zako.

Mpwa wako

17 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo, mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja palepale. Mkazamjomba anakusalimu. Jirani yetu ameoza binti wa mwisho, tulikula vizuri. Barua yako ilifika zamani kidogo. Nimechelewa kwa sababu ya mvua, na kalamu nayo ilikauka.

Kuhusu shamba. Usimpeleke pale kwa Kapteni. Maji ya mabondeni ni mabaya, yana kitu kinachoozesha kwato, na ukikigundua umeshachelewa. Mimi nimeona kwato zikitoka nzima nzima kama kiatu.

Mpeleke kwa yule mama wa matope.

Mjomba wako

2 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Hongereni kwa harusi ya jirani, Mama anauliza mbona hamkutuma hata picha.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na tano, zimebaki siku tano kabla ya lori. Sikuipuuza, naomba ujue hivyo. Nilichukua maji ya bondeni kwenye chupa nikayapeleka kwa daktari wa mifugo, na nikamchukua yeye mwenyewe akakague kwato za farasi wote wa pale. Maji ni safi kuliko ya bomba letu. Kwato zote nzima, amesema hajaona kwato zilizotunzwa hivyo. Na kwa Mama Buti, Mjomba, ndiko nilikoona farasi akirusha kichwa, jambo ambalo wewe mwenyewe uliniambia nikiliona niage! Sasa nifuate mjomba yupi, wa Februari au wa Aprili?

Usinikasirikie. Nimemhamisha tarehe ishirini na nane. Chiriku anakwenda kila siku baada ya shule. Kama ipo sababu nyingine uliyonayo, iandike kwa maneno yanayoeleweka, nitamtoa siku hiyohiyo.

Mpwa wako

30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkazamjomba alikuwa na homa, sasa afadhali.

Sina sababu nyingine. Ila Chiriku asishinde huko siku nzima. Na wewe, chagua siku asiyokutegemea mtu, nenda ukamwone. Usiage, usipitie ofisini, pita nyuma ya mabanda.

Sina zaidi.

Mjomba wako

14 Juni

Mjomba,

Sikusalimu leo. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika vidole vitatu, na daktari hajui kama vitaweza tena kushika kisu cha kuchongea meno.

Nilifanya ulivyosema. Jumatano nilitoroka kazini mchana, nikaingia bila kuaga, nikapita nyuma ya mabanda. Kule kuna uwanja wa duara uliozungushiwa mbao ndefu kuliko mtu, siku zote nilidhani ni ghala. Nikasikia mlio kama wa zulia linalokung'utwa vumbi, na sauti ya mtu anahesabu. Nikachungulia kwenye upenyo.

Zabibu alikuwa amelala ubavu mchangani. Mguu mmoja wa mbele umekunjwa ukafungwa mkanda, na kamba nyingine imemvuta kichwa mpaka begani, hawezi kuinuka. Ubavu mzima ni mistari, ya zamani chini na mibichi juu yake, na mchanga umegandia kwenye damu. Kapteni amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anahesabu kwa ile sauti yake ya upole. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Aliyeshika mjeledi ni Chiriku.

Mjomba, mwanangu hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu anayefagia. Anapiga, anangoja namba, anapiga.

Sijui nilipitaje ule mlango. Nilimpokonya mjeledi nikamchapa yule mzee usoni. Nikamchapa tena, nikageuza mpini nikampiga nao mdomoni, yale meno yakaruka mchangani, nikayasaga kwa kisigino. Nilitaka afe. Nakuambia wazi, nilikuwa nampiga mtu ili afe. Aliinuka taratibu, akachukua mpini wa koleo, akanipiga mkono niliokuwa nimeuinua, nikavisikia vidole vikivunjika. Pigo la pili likanipata mgongoni nikaanguka juu ya Zabibu. Na Zabibu hakutikisika, Mjomba. Nimemwangukia kwenye vidonda na hakutikisika.

Chiriku akakimbilia katikati yetu. Akamwambia yeye, si mimi: "Samahani Kapteni, naendelea, naendelea." Halafu akanigeukia. "Mama, usimkasirishe. Nikipiga mimi anahesabu ishirini tu. Akipiga yeye hahesabu."

Wiki sita. Kila siku baada ya shule mwanangu alikuwa akimpiga farasi wa baba yake viboko ishirini ili asipigwe mia. Nyumbani alikuwa ameacha kuongea, na mimi nikadhani ni umri, nikamshukuru Mungu kwa utulivu.

Watunza farasi wawili walikuja wakamshika Kapteni. Nikamfungua Zabibu kwa mkono mmoja na meno. Kapteni ametulia mikononi mwao, mdomo umejaa damu, anacheka. Akasema: "Muulize mjomba wako njia hii aliitoa wapi. Mimi ni mwanafunzi wake. Nimemrudishia mjukuu wake elimu ya kwao."

Tulitoka na Zabibu kwa miguu mpaka barabarani. Mama Buti ndiye aliyekuja kutuchukua na tela lake, huku akitukana njia nzima, na Zabibu sasa yuko kwake. Polisi wamechukua maelezo.

Niambie ni uongo. Neno moja linatosha.

Mpwa wako

9 Julai

Mpwa wangu,

Si uongo.

Uliomba neno moja na hilo ndilo, lakini nimenyamaza miaka ishirini na sita, niache niseme yote. Ukitaka ichane hapa.

Nilikuwa kijana, fundi mpya. Farasi mkorofi humchelewesha fundi, na humvunja mbavu, nilikwambia. Nikagundua kwamba ukimfunga mguu mmoja wa mbele, ukamwangusha, ukamvuta kichwa asiweze kuinuka, kisha ukampiga bila hasira, kwa hesabu, siku tatu mfululizo, siku ya nne anaacha. Hatulii, anaacha. Unaweza kumpigilia misumari mtoto akicheza chini ya tumbo lake. Wenye mashamba walinigombania. Niliwafanyia hivyo farasi zaidi ya arobaini, na nilijivunia, kwa sababu wenzangu walipiga kwa hasira na mimi nilipiga kwa akili. Nilikuwa na mwenzangu wa kunishikia kamba. Nilimfundisha kila kitu, hata kukaa juu ya ndoo. Ndiye huyo.

Kulikuwa na dume mmoja mweusi. Siku ya tatu bado alikuwa anapambana. Nikampiga mpaka mkono ukaisha nguvu, nikampa mwenzangu, nikapokea tena. Namba ziliniponyoka, mpwa wangu. Nikawa napiga tu. Yule farasi akajirusha na kamba zote, tukausikia uti wa mgongo unavunjika. Hakufa upesi. Mguu wa mbele uliofunguka ulikuwa unachimba mchanga, na jicho linanitazama mimi, si mwenzangu. Mwenzangu akacheka, akasema, "Leo umesahau kuhesabu, fundi." Nikachukua nyundo nikampiga mdomoni. Meno manne. Sikumpiga kwa ajili ya farasi. Nilimpiga kwa sababu alisema kweli.

Mwenye shamba akatukuta hivyo, akatufukuza wote wawili. Nyumbani dada yangu akaniuliza, nikamjibu nimempiga mtu, ni mambo ya farasi. Yaliyobaki aliyajaza mwenyewe kwa mapenzi yake, na mimi sikuyafuta. Watu wakaanza kunipenda kwa ajili ya hadithi hiyo. Ilikuwa tamu. Ulikuwa na miaka saba, ukanikumbatia mguu mlangoni.

Ulipoandika habari za nzi juu ya jicho nilijua, hata kabla sijafika kwenye meno. Kipimo nilichokupa humfichua farasi anayepigwa. Farasi aliyekwisha hashtuki tena, na ili kukuambia hivyo ingebidi niseme nimejuaje. Nikaandika barua tatu, nikazichana. Ya nne nikaandika habari za maji. Nilijua utayapima, wewe ni mtu wa kupima, na nilijua yatakuwa safi. Nikaituma hivyohivyo, kwa sababu nilitaka Chiriku aendelee kunisimulia shuleni.

Nimeyaandika yote haya kwa polisi wa kwenu pia, na sahihi yangu, yasomwe mbele ya watu. Mkazamjomba wako ameyasoma. Amehamia chumba cha wageni.

Pole ya vidole siwezi kuiandika, sioni inavyoandikwa.

Mjomba wako

2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, usisome zaidi ya hapo.

Mama alinifanya nimsomee barua yako mara mbili. Tangu siku hiyo hajakutaja, na dada yako asiposema unajua maana yake. Vidole viwili vimeunga. Cha tatu kimebaki kimepinda, meno ya mbele nimempa msichana ninayefanya naye kazi, mimi nafanya magego ambayo hayaonekani. Farasi wa Kapteni wamechukuliwa na serikali na yeye yuko ndani akingoja hukumu. Maelezo yako yalisomwa mahakamani kwa sauti mbele ya watu wote. Nilimkataza Chiriku asiingie, akaingia. Alikaa mstari wa nyuma na suruali yake ya kupandia, akasikiliza mpaka mwisho.

Nimekuchukia, Mjomba. Nimekuchukia kuliko yule mzee, kwa sababu yeye sikuwahi kumpenda. Nilitaka hii iwe barua ya mwisho na nilikuwa nimeshaandika mambo ambayo mtu hamwandikii ndugu wa mama yake. Nimeyaacha, kwa sababu kuna jambo moja.

Zabibu amepona ngozi. Anakula, mbavu zimefunikwa, ameanza hata kugonga mlango kama wale wahuni wengine wa Mama Buti. Lakini kila Chiriku akiingia bandani, kabla hajasema neno, Zabibu anakunja mguu wa mbele na kujilaza ubavu, halafu anavuta kichwa mwenyewe mpaka begani. Anakaa hivyo, anangoja. Kwangu hafanyi. Kwa Mama Buti hafanyi. Kwa Chiriku tu. Mama Buti amerudisha farasi kumi na saba walioteswa na anasema hili hajaliona. Chiriku anakaa naye chini kwenye nyasi kavu mchana kutwa. Akiondoka yeye ndipo farasi anainuka.

Nilimwambia tumuuze Zabibu kwa watu wa mbali, wasahauliane. Alinitazama kama nimempiga. Halafu jana akasema, na ni maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu Juni: "Muulize Babu. Yeye anajua kumlaza. Anajua kumwinua?"

Jibu swali lake. Mengine sitaki.

Mpwa wako

11 Agosti

Mjukuu wangu Chiriku,

Sijui.

Niliwalaza zaidi ya arobaini na sikumwinua hata mmoja. Nilikuwa nafungua kamba, nanawa mikono, naenda kula. Walioinuka waliinuka wenyewe mimi nikiwa nimeshaondoka, sikuwahi kukaa kuona wanavyofanya. Ningeweza kukuandikia jambo hapa ukaamini, nina maneno mengi ya ufundi. Sitakuandikia.

Nakuja Jumamosi na basi la kwanza. Mwambie mama yako si lazima anipokee, wala sihitaji kulala nyumbani kwenu. Kama Mama Buti atanikataza nisivuke geti, nitakaa nje ya geti. Lakini akiniruhusu, nitaingia bandani pamoja nawe, na Zabibu akijilaza, wewe simama mlangoni, usije karibu. Mimi nitakaa chini nyuma ya miguu yake. Fundi hakai pale hata siku moja, maisha yangu yote nimekaa ubavuni ambapo teke halifiki. Asifungwe kamba, na mtu yeyote asimshike. Nitakaa mpaka achoke kuniona.

Akiinuka ili anipige, basi atakuwa ameinuka.

Babu yako